Kima Asiyekauka

Siku ya tatu midoli yote ilikuwa imekauka isipokuwa kima.

Fundi alimbonyeza tumboni kwa vidole viwili, pale kwenye kamba nyuma ya nyumba, na maji yakamchuruzika mkononi hadi kwenye kiwiko. Akatazama juu. Jua lilikuwa kali, mabati yanalia kwa joto. Mashuka aliyoyaanika asubuhi ile ile yalikuwa yamekauka kau. Dubu, bata, twiga mwenye shingo iliyolegea, wote walikuwa wepesi na wananukia sabuni. Kima peke yake alikuwa mzito kama aliyetolewa kwenye beseni sasa hivi.

"Wewe umekunywa kisima kizima," alimwambia, akacheka peke yake.

Alikuwa fundi cherehani, mtu wa vipimo, asiyependa kazi ya kulipua. Cherehani yake ilikaa barazani, na tangu mtoto aanze kubanwa na kifua yeye ndiye aliyeshinda naye nyumbani, kwa kuwa mkewe alikuwa muuguzi wa zamu ya mchana. Daktari ndiye aliyesema midoli ifuliwe. Vumbi linalojificha kwenye manyoya, alieleza, ndilo linalomkaba mtoto pumzi. Basi fundi alifuata maelekezo yote. Mbwa mwenye betri tumboni alimfuta tu kwa kitambaa chenye unyevu. Wadogo aliwatia ndani ya foronya, akaifunga mdomo kwa uzi, akawafua kwa maji ya uvuguvugu ili wasing'oke macho. Wakubwa aliwafua mmoja mmoja, akawasuuza mara tatu, akawaviringisha kwenye taulo na kuwakandamiza kwa magoti, maana mdoli ukiukamua kama dekio pamba yake hujikusanya mabonge.

"Wakauke mpaka ndani kabisa," daktari alisisitiza. "Unyevu ukibaki tumboni huota ukungu, na huo ni mbaya kuliko vumbi."

Mtoto mwenyewe alikuwa wa miaka mitano. Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukupumzika tangu anaamka. Kima alikuwa kipenzi chake: manyoya ya kahawia, uso wa kitambaa laini, na mikono mirefu ya kumvisha mtu shingoni. Chiriku alipewa kima huyo na mama yake mdogo, mdogo wake mama, miezi miwili nyuma. Alikuwa mdoli wa mwanawe wa pekee, aliyefariki mwaka uliotangulia. Hakuna aliyethubutu kukataa zawadi ya namna hiyo.

Fundi alimtoa kima kwenye kamba, akamviringisha tena kwenye taulo na kumkandamiza. Maji yalitoka, yakatoka, yakajaza sufuria, yakafurika. Yalikuwa na joto, joto la mwili. Harufu yake ilikuwa ya nguo za mtoto mchanga zilizosahauliwa kwenye ndoo wiki nzima.

"Baba, usimminye," Chiriku alisema nyuma yake. Alikuwa amesimama mlangoni na gauni lake la kulalia, mkono kifuani. "Anasema unamuumiza."

"Anasema?"

"Anasema hataki kukauka. Akikauka atakufa."

Kisha akakohoa, na kikohozi kile hakikuwa kikavu kama cha wiki iliyopita. Kilibubujika.

Siku ya nne fundi aligundua kwamba miguu ya kima ilikuwa inagusa ardhi. Yeye mwenyewe ndiye aliyemning'iniza kwa mikono, kwa vibanio viwili, na siku ya kwanza miguu ile ilikuwa usawa wa kiuno chake. Alijiambia ni uzito wa maji, kitambaa kimevutika. Akamkunja mikono mara mbili juu ya kamba, akarudi barazani kumalizia suruali ya mteja. Chiriku alikuwa amelala usingizi wa mchana. Mtaa ulikuwa kimya kwa joto, hata kuku walikuwa wamejibanza kivulini, na cherehani ilipokuwa inanguruma aliona kama anasikia kitu kinaburutwa sakafuni, kitambaa kilicholowa, kinavutwa, kinatulia, kinavutwa. Alipoinua mguu kwenye kanyagio na kusikiliza, nacho kilinyamaza.

Alipoingia ndani alikuta mchirizi wa maji kutoka mlango wa nyuma, kupitia jikoni, hadi chumba cha mtoto. Kila baada ya hatua moja palikuwa na alama ya kiganja kidogo, vidole vitano vimejichora wazi kwenye saruji, na fundi, aliyemfua mdoli yule kwa mikono yake, alijua vizuri kwamba mikono ya kima haikuwa na vidole, ilikuwa imeshonwa kama soksi.

Kima alikuwa kitandani. Mikono yake mirefu ilikuwa imezunguka shingo ya Chiriku mara mbili, uso wa kitambaa umegandamizwa kwenye mdomo wa mtoto, mto umelowa chapachapa, na midomo ya mwanawe ilikuwa imeanza kugeuka rangi.

Ilimbidi apenyeze mkasi chini ya mikono ile ili kuibandua.

Hospitalini, daktari aliweka picha ya kifua kwenye taa, akaitazama mara mbili.

"Mtoto huyu ameogelea wapi?"

"Hajaogelea popote," mkewe alijibu. "Hajatoka nyumbani wiki mbili."

"Mapafu yana maji. Kama ya mtu aliyezama."

Walimlaza. Mkewe alisimama pembeni ya kitanda akiwa bado na sare yake ya kazi. Fundi alimwona anatetemeka midomo, mwanamke ambaye kwa kazi yake ameona watu wakikata roho na hajatikisika.

"Baba Chiriku," alinong'ona, "mtoto wa mdogo wangu alikufa hivi hivi. Walisema amezama. Alikuwa kitandani kwake."

Fundi hakungoja zaidi.

Shemeji yake alifungua mlango kidogo tu. Alipomwona, hakumsalimia. Alikaa chini palepale kizingitini.

"Amemfanya nini?" aliuliza.

"Kwa hiyo ulijua."

"Shemeji, nisikilize."

"Ulijua!"

Alieleza huku akitazama sakafu. Mwanawe alimwokota kima kwenye mtaro baada ya mafuriko. Yeye akamfua haraka haraka, akamwanika siku moja, na mtoto akawa analia anamtaka. Kwa nje alikuwa mkavu. Ndani hakumwangalia. Baada ya msiba alimchoma, moto ukazimika kwa maji yaliyomtoka, na asubuhi akamkuta amelala kwenye kitanda cha marehemu. Alimtupa jalalani, akarudi. Alimzika, akarudi.

"Halafu akaanza kuongea, shemeji. Kwa sauti ya mwanangu. Akasema nimpe mtoto mwingine, ataniacha nipumzike. Nilikuwa sijalala miezi minane."

"Ukaona umpe wa dada yako."

"Nani mwingine angepokea kitu changu bila kuuliza?"

Fundi aliinua mkono ampige. Mkono ukabaki hewani, ukashuka wenyewe. Alimshika mabega akamwinua.

"Twende. Utanisaidia kumwondoa kima huyo."

Mganga walimpata nyuma ya duka la dawa za mizizi, mama wa makamo mwenye miwani na mafua, anapenga kila mara. Kima walikuwa wamemtia ndani ya ndoo yenye mfuniko. Mganga alifunua kidogo, akanusa, akafunika.

"Jini la maji," alisema. "Halina mwili. Linakaa palipolowa na kusahauliwa. Moto linauzima, udongo linaunywa. Dawa yake ni moja, kulikausha."

"Nimemwanika siku nne, mama."

"Umelianika limevaa ngozi. Lifumue. Toa kila kilichomo, utandaze juani saa sita, pasiwe na kivuli hata cha unywele. Wewe ni fundi, mimi hata kifungo sijui kushona, kwa hiyo kazi ya wembe ni yako. Mimi nitasoma." Akamgeukia shemeji. "Na wewe uliyelitoa, utalishika mikono. Litakuita. Usiitike. Na kisibaki kitu, mmenielewa? Hata pamba ya kuziba sikio."

Kesho yake, jua lilipofika utosini, walitandaza mabati matatu katikati ya uwanja. Shemeji alipiga magoti, akamkamata kima mikono yote miwili. Mganga alianza kusoma kwa sauti ya chini, maneno yakifuatana kama mtu anayehesabu. Fundi alitafuta mshono wa mgongoni, akaingiza ncha ya wembe, akakata uzi wa kwanza.

Kima alishusha pumzi.

Pamba iliyotoka haikuwa nyeupe. Ilikuwa ya kijivu, ya moto, imeshikamana kama matumbo, na kila tonge alilolitupa juu ya bati lilichemka na kujikunja likitafuta kivuli cha mkono wake. Harufu ilipanda mpaka jirani akafunga dirisha. Fundi alifumua, akachambua, akatandaza, jasho likimwingia machoni.

"Mama," ilisema sauti ya mtoto wa kiume, ndogo, karibu kabisa. "Mama, baridi. Mwambie anishone."

Shemeji alifumba macho. Machozi yalimtiririka, yakadondoka juu ya manyoya, na manyoya yakayanywa.

"Mama, mbona huniitiki? Ni mimi."

"Usiitike," mganga alisema katikati ya kisomo.

Ndipo simu ya fundi ikaita mfukoni. Akaibana kwa bega.

"Uko wapi?" mkewe alikuwa analia. "Anatapika maji, Baba Chiriku, maji hayaishi, anakuita wewe, njoo!"

Na kabla hajajibu, kutoka ndani ya tumbo lililo wazi mbele yake, chini ya vidole vyake, sauti ya Chiriku ikasema, "Baba, pumzi imekata, unaniua baba, acha," na fundi hakujua tena kama kila tonge analolitoa linamwokoa mwanawe kitandani kule au linamtoa roho, hakujua kama mganga yule mwenye mafua ni mjuzi au mwongo, alijua tu kwamba wembe uko mkononi na jua linaanza kuinama, na kwamba akiacha mshono nusu jini litapona, basi akaiangusha simu mchangani, mkewe bado analia ndani yake, akazamisha mkono hadi kifundo, akavuta, akavuta, na sauti ile ikageuka kutoka ya Chiriku kwenda ya marehemu, kutoka ya marehemu kwenda ya watoto wengine wengi wasiojulikana, wanaita mama zao wote kwa pamoja, mpaka vidole vyake vikagusa kitambaa kitupu.

Kimya. Juu ya mabati pamba iligeuka nyeupe, uzi kwa uzi, ikawa nyepesi, ikaanza kupeperuka. Mganga alipenga kamasi.

"Kusanya yote," alimwambia shemeji. "Sasa itaungua."

Shemeji alikusanya pamba na ngozi tupu kwa mikono yake mwenyewe, bado analia. Waliwasha kiberiti, ikashika kama karatasi. Fundi alikuwa ameshaokota simu.

"Baba Chiriku?" Sauti ya mkewe ilikuwa imekauka kwa kulia. "Amelala. Anapumua. Daktari haelewi kitu. Anapumua vizuri."

Fundi alikaa chini juu ya mchanga wa moto, akalia kama mtoto.

Chiriku alirudi nyumbani baada ya siku sita, anaongea mpaka wauguzi wakamuaga kwa kupiga makofi. Mkewe hakutaka kusikia jina la mdogo wake, na fundi hakumlaumu. Lakini wiki tatu zilipopita bila mtu yeyote kumwona shemeji yake sokoni wala njiani, roho ilimsuta. Mwanamke yule alikuwa amelishika jini lile mikono mpaka mwisho, na hilo nalo halikuwa dogo. Alikwenda peke yake, mchana, akagonga.

Safari hii mlango ulifunguka wote. Shemeji alikuwa amenawiri. Amesuka, amejipaka mafuta, macho yamepata usingizi. Alitabasamu na kuweka kidole mdomoni.

"Taratibu, shemeji. Ndiyo kwanza amelala."

Fundi alimtazama. Blauzi yake, upande wa moyo, ilikuwa imelowa duara kubwa, na maji yalikuwa yanashuka polepole kwenye kitenge hadi miguuni. Chini ya kitambaa kulikuwa na kitu kidogo kimefungwa kifuani, kiasi cha ngumi, kinapanda na kushuka. Nyuma yake, sakafu ya chumba ilikuwa imejaa mabeseni, yote yamejaa pomoni.

"Umefanya nini?" alinong'ona.

"Tonge moja tu. Sikuchukua zaidi." Alikifunika kifuani kwa viganja viwili kwa upole. "Aliniita mama, shemeji. Wewe ungeweza?"

Fundi alirudi nyuma hatua moja, nyingine, mpaka akawa nje kabisa juani.

"Chiriku hajambo?" shemeji alimuuliza kutoka mlangoni, kwa sauti ya mapenzi. "Huyu anamuulizia kila siku."