Mchuzi Uliopoteza Chumvi

Mchuzi uliingia na chumvi, ukatoka hauna. Asya aliuonja tena, akafumba macho, akaitafuta chumvi ulimini. Ndimu ilikuwepo, nazi ilikuwepo, pilipili ilikuwepo. Chumvi aliyoitia mwenyewe, vijiko viwili vya chai alivyovisawazisha kwa kisu, haikuwepo.

Ilikuwa siku ya tatu tangu maikrowevu iingie jikoni kwao, mtaa wa Madungu. Mama yake, Bi Mwatima, ambaye zamani angerudisha sahani kwa punje moja ya chumvi iliyopungua, alikula akamaliza bila neno.

Asya alisomesha kemia sekondari. Tangu mama yake apate kiharusi, mkono wa kulia ukalegea, nyumba ilikuwa na watu wawili na hofu moja. Siku moja alirudi akakuta gesi imeachwa wazi na mama amelala. Toka hapo alikuwa akitoroka shule kila saa nne kwenda kumpashia chakula, mpaka mwalimu mkuu akamwambia, kwa upole lakini akaeleweka, kwamba vipindi haviwezi kungoja. Ama atafute njia, ama aache kazi. Na kazi ile ndiyo iliyowalisha wote wawili. Maikrowevu ndiyo ilikuwa njia: hakuna kiberiti, hakuna moto, swichi moja tu ya kuzungusha.

Alikisoma kijitabu chake chote, mpaka ukurasa wa Kichina. Usiiwashe tupu. Iachie nafasi nyuma ipumue. Kwanza chemsha bilauri ya maji. Alifanya yote, kwa mpangilio. Hapakuwa na ukurasa uliotaja chumvi.

Jumamosi alifanya kama anavyowafunza wanafunzi wake. Chungu kimoja, bakuli mbili. Moja akaipasha kwenye gesi, nyingine kwenye maikrowevu, dakika mbili kamili. Ya gesi ilikuwa na chumvi yake. Ya pili ilikuwa kama maji ya mvua. Akaandika daftarini, akarudia mara nne, na mara ya nne nusura aipigize bakuli ukutani. Na kila akifungua mlango wa chombo kile alipigwa na harufu ya udi, nzito, yenye unyevu, ilhali alikuwa amekisugua kwa ndimu na siki mpaka vidole vikamchonyota.

Akaenda kwa Juzer, aliyemuuzia. Juzer alimsikiliza hadi mwisho, akakuna ndevu.

"Dada Asya," alisema, "mimi nauza joto. Chumvi iko duka la jirani."

Asya hakucheka. Alimwekea daftari mbele. Baada ya alasiri Juzer akaja na mfuko wake wa bisibisi, akakivuta chombo kwenye meza, akafungua kifuniko cha nyuma, akapima hiki na kile. Kila kitu kizima, alisema, kipya kabisa. Alipoinua sahani ya kioo inayozunguka ndipo alipokuta, chini ya gurudumu lake, majivu laini. Akayafinya, akayanusa, akauliza nani aliyefukiza ndani ya chombo cha umeme.

Asya akamgeukia mama yake, aliyekaa mkekani karibu na mlango. Bi Mwatima alikuwa akiangalia pindo la kanga yake. Juzer akairudisha sahani mahali pake, na hapo taa ya ndani ikawaka, njano, taratibu, sahani ikaanza kuzunguka tupu, na mngurumo ukapanda, si mngurumo wa mashine bali wa mtu anayesoma uradi midomo imefumbwa, ukipanda na kushuka, ukivuta pumzi na kuendelea, na harufu ya udi ikajaa jikoni mpaka machozi yakawatoka, na Asya akamwambia Juzer azime, azime tafadhali, na Juzer hakusogea.

"Dada," alinong'ona, "waya uko mkononi mwangu."

Kweli, plagi ilikuwa ikining'inia vidoleni mwake. Aliondoka bila kufunga skrubu hata moja.

Ndipo Bi Mwatima akasema. Chombo kipya hakiingii nyumbani mwao bila kufukizwa, ndivyo alivyolelewa. Siku kilipoletwa, Asya alipotoka kununua waya wa kuunganishia, yeye aliomba kaa la moto kwa jirani, akachukua udi wa mwisho kwenye kopo la marehemu mama yake, bibi yake Asya, akatia chetezo ndani ya maikrowevu, akafunga mlango ili moshi ukolee. Marehemu huyo alikuwa na jini wake, ruhani, Madungu nzima ilijua. Kila Alhamisi akimwandalia chano, sinia la mti: halua, mayai, wali usiotiwa chumvi, maana maruhani chumvi hawaigusi. Bibi alipokufa, hakuna aliyemwandalia ruhani tena.

Ijumaa baada ya sala akaja Bi Rahila, mganga aliyeitwa na Asya kutoka Wesha. Alikaa mbele ya chombo muda mrefu.

"Huyu hakuvamia," alisema kwa sauti ndogo. "Kaalikwa. Kasikia udi wake, kaona chano kinazunguka, kila siku kinakuja chakula. Aende wapi? Na aliyemkaribisha ndiye amuage. Mie siwezi, wala wewe."

Akamfundisha Bi Mwatima maneno: karamu imekwisha, mgeni arudi kwao, na salama iwe baina yetu. Bi Mwatima akaligeukia tena pindo la kanga yake. Asya akapiga magoti mkekani, akamshika mkono.

"Mama, sema. Nakuomba."

"We watoka saa moja, warudi saa tisa," Bi Mwatima alisema polepole. "Ukirudi wasahihisha madaftari. Mwaka mzima nimekaa na ukuta huu. Yeye huniuliza nimelalaje."

"Huyo si mtu, mama."

"Najua si mtu. Mtu nilimngoja."

Bi Rahila akakunja vitambaa vyake. Mgeni hatolewi ikiwa mwenye nyumba amtaka, alisema, akaondoka bila kuinywa chai.

Jumatatu Asya aliandaa bakuli ya mama yake, akavaa buibui, akatoka. Alikuwa akifunga viatu barazani aliposikia mlango wa maikrowevu ukibanwa, kisha mngurumo, kisha sauti ya mama yake akisimulia harusi yake, akinyamaza kidogo kama mtu anayeulizwa, akijibu, halafu akicheka, kicheko ambacho Asya hakuwa amekisikia tangu kabla ya maradhi, na chini ya kicheko kile kulikuwa na kingine, kizito, na cha mama kilipokoma, hicho hakikukoma.

Mkono wa Asya ulikuwa kwenye komeo la mlango wa nyumba. Kipindi cha kwanza kilianza saa moja na nusu, na mwalimu mkuu alishasema. Asya alisimama mpaka vidole vikapoa juu ya chuma. Kisha akaondoa mkono, akaweka sawa mtandio, akaenda kazini.