Kerneli Iliyojengwa Kwingine

"Boti ipo shambani, Hilal?"

"Ramani haidanganyi, dada Waride," alisema fundi wake wa kompyuta.

"Basi niambie hapo Mtunda inaelea kwenye nini. Kwenye ufuta?"

Jasusi Waride aligonga kioo cha kompyuta ya ThinkPad kwa ukucha. Nje ya gesti, Ikwiriri ilikuwa ikipakia mpunga. Kwenye ramani, alama nyekundu ya Saidy ilikaa nchi kavu.

Saidy, jasusi mwenzake, alikuwa amejipenyeza kwenye boti ya magendo ya silaha. Kifaa cha kumfuatilia kilishonewa ndani ya mkanda wake. Antena ya kupokea mawimbi yake iliendeshwa na kerneli, kiini cha mfumo wa kompyuta, ambacho hujengwa kwa programu iitwayo kompaila. Doria ikienda siko, boti ingepita, naye angeuawa.

"Wiki nzima kompaila yako imekataa kujenga kerneli," alisema Waride. "Msimbo wa antena ni wa zamani, unataka kompaila toleo la tisa. Wewe una la kumi na tatu. Leo imekubali vipi?"

"Nimerekebisha msimbo. Nimejenga hapa hapa, wewe ukinywa chai. Acha kujitia fundi, mama."

"Mama yako yuko kwenu."

Akaizima mashine. Akaiwasha.

Maandishi yakapanda kiooni. Kila kerneli ikiamka hutaja kompaila iliyoijenga. Waride akasoma mstari wa kwanza.

Toleo la tisa.

"Kompyuta hii haina la tisa. Nani kakujengea, wenye boti?"

Mkono wa Hilal ulikimbilia begi. Bastola ya Waride, Glock, ilifika kwanza.

"Kaa."

Akakaa.

Waride alichomeka flashi yenye kerneli ya awali, ile ambayo Hilal alidai ina kasoro ya usalama. Mashine ikaamka. Alama nyekundu ikatokea kwingine kabisa: ndani ya mikoko, kaskazini ya Nyamisati.

Akanyakua redio ya Motorola, akaiita doria.

"Kiboko, bado mpo majini?"

"Tunashuka Nyamisati. Magari ya kwenda Mtunda yapo tayari."

"Rudini botini. Mkondo wa kaskazini. Sasa hivi."

"Amri ya nani?"

"Yangu."

Redioni, injini zikanguruma kwa muda mrefu. Kisha risasi. Kisha kimya.

Hilal akatabasamu. "Umechelewa."

Redio ikakwaruza.

"Dada, nimelowa chapachapa, lakini nipo." Ilikuwa sauti ya Saidy. "Na mzigo wote tunao."

Tabasamu la Hilal likafa.

Waride akamfunga pingu kwenye chuma cha kitanda, akabeba kompyuta na begi, akafunga mlango. Mapokezi, alimkabidhi Shamsia ufunguo.

"Askari wanakuja kumchukua mgeni wangu."

"Nimpelekee chai?"

"Usimpe hata maji ya kunawa."

Akatoka, akawasha Land Cruiser.