Salamu ya Mama Momanyi

"Momanyi, huyo muuguzi wako hakufunzwa kusalimia watu?"

Jirani yao Tryphosa aliuliza hivyo akianua nguo. Jua halijazama, Momanyi akawa amempigia Bochaberi simu.

"Boche, mpenzi, niambie ni uongo. Nilikuonyesha mama pale soko la Nyamira, nikasema ndiye huyo, nikakuacha ukamsalimie. Wewe ukageukia avokado!"

"Si uongo."

"Basi sababu ni gani?"

"Sina ya kukupa."

"Jumapili wazee wetu wanakuja kwenu Sironga kuposa. Niwaambie mke ninayemtaka humpita mama yangu kama nguzo ya stima?"

"Yeye alinisalimia?"

"Sasa mkubwa ndiye aanze?" Simu ikakatwa.

Mara ya kwanza walikutana Daraja Mbili, Kisii, siku ya soko, Momanyi akiwa na mzigo wa vitambaa begani. Alimkanyaga Bochaberi kiatu cheupe cha kazi.

"Pole dada! Nimekuua?"

"Mguu tu. Mengine yako hai."

Alicheka mpaka mzigo ukaanguka. Tangu hapo alimshonea nguo, na ni yeye aliyemsukuma arudi darasani, baada ya miaka sita katika wodi ya kujifungulia, asomee uuguzi wa afya ya akili. Huko Bochaberi alijifunza kukaa na mtu asiyetaka kusema. Alijifunza pia kwamba mgonjwa wako ukimkuta njiani, humsalimii kabla yeye hajakusalimia, maana watu watauliza mlijuana wapi.

Na mama yake Momanyi, aliyejifunga kitambaa cha kijani siku ile sokoni, alikuwa mgonjwa wake. Miezi miwili sasa, kila Jumanne, alikuwa akitoka Nyamira kuja kliniki ya Kisii, asionwe na watu wa kwao. Bochaberi hakujua ni mama wa nani mpaka Momanyi aliponyoosha kidole. Macho yao yalikutana, mama akatazama chini. Bochaberi akashika avokado.

Ijumaa aliomba Mungu, akavaa gauni la samawati alilolishona Momanyi mwenyewe, akaenda dukani kwake Nyamira. Momanyi hakuinua kichwa kutoka kwenye cherehani.

"Umekuja kuniambia?"

"Nimekuja kukuona. La kukuambia bado sina."

"Hata nikiwazuia wazee Jumapili?"

"Hata ukiwazuia."

Pazia la chumba cha kujaribia nguo likafunguka. Mama yake alikuwa humo, amevaa gauni la kanisani lenye pini kwenye mikono.

"Zima hiyo cherehani, Momanyi. Mimi ndiye niliyetazama chini pale sokoni."

"Mama, wacha..."

"Nyamaza nimalize. Kila Jumanne unaniuliza nilikuwa wapi. Nilikuwa Kisii, natibiwa ile huzuni iliyonishika tangu tumzike baba yako. Nilikuwa silali. Chakula kilikuwa kama mchanga. Huyu ndiye anayenihudumia. Amekubali akukose wewe kuliko anitaje mimi."

Momanyi akasimama, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. "Boche, mbona hukuni..."

"Angekuambiaje?" mama akamkata.

Bochaberi alisimama vilevile, macho kwa mama, akingoja yeye aanze kumsalimia. Mlangoni alikuwa amefika Tryphosa na sketi yake ya kupunguzwa, masikio wazi.

Mama alimwona. Hakutazama chini. Alinyoosha mkono, akashika wa Bochaberi.

"Bwakire, moka Momanyi," alimsalimia kwa Kigusii, kwa sauti, akimwita mke wa mwanawe.

"Bwakire, mama," Bochaberi akaitikia, machozi yakimtoka.

Mama akachukua mkoba wake, akampita Tryphosa mlangoni pini zikiwa bado kwenye mikono ya gauni, akaenda zake.