Pigo la Begani

Rafiki yetu Lusenge wa Vulamba hana desturi ya uongo, maana anamcha Bwana. Alasiri ile alitoka Beni kwa pikipiki, nyuma yake ameketi dada yake mkubwa, yaya Eliane, asiyesikia wala kusema tangu kuzaliwa. Eliane alikumbatia sanduku la dawa za mama yao, aliyekuwa akipigania roho Butembo.

"Dada yako hapana sema, nani atakukataza mbio?" mwuza dawa wa Beni alikuwa amemtania.

"Ni bega yangu," Lusenge akajibu. "Akiigonga, nasimama."

Walipopita Kalunguta, ukungu ulishuka ukaugeuza mchana kuwa giza. Ndipo bega la Lusenge likagongwa. Hakusimama. Ole wake mwenye moyo mgumu. Lakini ni nani asiyemkimbilia mama yake? Bega likagongwa tena, kwa nguvu.

"Ni nini, yaya Eliane? Mama iko natungojea!" akafoka, ingawa alijua hasikiwi. Akasimama, akazima mashine.

Katika kimya kile mbao zilipasuka mbele yao, moja baada ya nyingine, kisha maji yakazimeza. Daraja lilikuwa limekwenda. Wangezunguka, dawa zingechelewa, lakini zingefika.

Akageuka kumshukuru dada yake. Mikono yote miwili ya Eliane ilikuwa ingali imelikumbatia sanduku. Aliutoa mmoja polepole, akaligonga bega lake mwenyewe, kisha akaonyesha nyuma yake, pale kiti cha pikipiki kilipokomea, pasipokuwa na mtu.