Simu ya Lyon Ilinyamaza

"Baba, ni nani hao? Nani kawatuma?"

Selina alikuwa anapiga kelele ndani ya kibanda cha simu, mjini Lyon, Ufaransa. Mimi Odeta nilisimama nje, mkate mrefu kwapani, nimeuzuia mlango kwa mguu ili nisikie vizuri. Umbea? Haya, umbea. Rafiki yangu anaposwa kwa simu, mimi nitazame njiwa?

Ilikuwa mwaka tisini na saba. Sisi wanachuo wa Kifaransa kutoka Mwanza tulikuwa ziarani na Mwalimu Nkwabi. Kila Jumamosi jioni Selina alipiga simu duka la Akbarali kule Pasiansi, baba yake akaja kuongea naye. Jumamosi hiyo baba yake, Mzee Ng'washi, alikuja na washenga na Shangazi Rose.

"Wageni wana habari ya ng'ombe," sauti ya mzee ilinifikia mpaka nje. "Na kwetu binti huulizwa mbele ya watu. Wapokelewe?"

"Hapana, baba! Kwanza niambie ni nani! Baba? Baba!"

Kimya. Simu za wakati ule, neno lilikwenda polepole, na hili halikufika kabisa. Kisha tukasikia vigelegele.

"Kanyamaza!" Shangazi alikuwa anashangilia. "Mtoto kaona haya, kakubali!"

Kadi ya simu ikaisha. Selina akatoka kibandani.

"Odeta, nimeposwa na nani?"

Ningejua wapi? Kwetu binti akiulizwa akainamisha kichwa akanyamaza, amekubali. Na wanaume walikuwa wawili. Luhende, mwalimu wa shule ya msingi Mkolani, ndiye ambaye Selina alimpenda. Kabla hatujasafiri alimwambia, "Tuma watu kwa baba," jamaa akajibu, "Nitatuma," basi. Wa pili Masele, mwenye magari ya minofu ya sangara Nyakato, ambaye kila Jumapili alimpelekea mzee sukari.

"Nunua kadi nyingine upige," nilimwambia.

"Mpaka niipate, Akbarali atakuwa ameshafunga. Na kesho Jumapili hafungui."

"Basi mpaka Jumatatu."

"Mpaka Jumatatu nitakuwa nimekufa!"

Hakufa, ila alitusumbua. Kwenye makumbusho ya hariri alisimama mbele ya gauni la arusi akaanza kulia. Mlinzi akamletea kiti akidhani amezidiwa na uzuri wa kitambaa.

"Unalia nini?" Mwalimu Nkwabi alimuuliza.

"Mwalimu, hili gauni nitalivalia nani?"

Mwalimu akanitazama. Nikatazama dari.

Chakula cha jioni wakatuletea utumbo. Ndugu zangu, utumbo! Umekaangwa kwa chenga za mkate, mtamu ajabu. Kumbe Wazungu nao wanakula vya ndani, halafu kule kwetu wanajidai.

"Kula, Selina."

"Haupiti."

"Nipe basi."

"Odeta, wewe una moyo kweli?"

"Ninao, lakini na tumbo ninalo."

Alicheka kidogo, kisha akasema taratibu, "Kama ni Luhende, nitamsamehe kuchelewa. Kama ni Masele, sirudi nyumbani. Nitaosha vyombo hapahapa."

Jumatatu asubuhi tukashuka Marseille. Mwalimu akatupeleka soko la samaki kandokando ya bahari. Wenzetu wanashangaa pweza, Selina akaganda mbele ya meza moja. Juu ya barafu kulikuwa na minofu myeupe, minene. Akamuuliza mama muuzaji kwa Kifaransa safi imetoka wapi. Mama akajibu: Ziwa Viktoria.

"Masele!" Selina alipiga ukelele. "Mtu huyu kanitangulia mpaka huku!"

Akatimua mbio. Nami nyuma yake, maana kadi mpya ya simu nilikuwa nayo mimi.

"Haloo, duka la Akbarali."

"Mzee Akbarali, shikamoo. Selina hapa."

"Marahaba, marahaba! Mama wee, kijana wako amekaa kwenye benchi langu tangu nimefungua. Chai hataki, kuondoka hataki. Chukua!"

"Selina?" Alikuwa Luhende.

"Luhende! Ng'ombe ni wa nani?"

Kimya kile kile cha kuchelewa. Niliuma mkate.

"Wa Masele," alijibu. "Nimeambiwa umekubali. Nimekuja nisikie kwa kinywa chako, ili niende zangu."

"Nani kakubali? Nilisema hapana, simu ikameza! Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikungoja urudi. Niliona si heshima kuposa mtu hayupo."

"Heshima! Wenzio wanaposa kwa simu, wewe na heshima yako! Unanitaka au hunitaka?"

"Nakutaka, Selina. Sijalala tangu Jumamosi."

"Basi kamwite baba. Kimbia!"

Alikimbia. Mimi nikahesabu tarakimu zikishuka kwenye kioo cha simu, roho mkononi. Mwishowe mzee akaja, anahema.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, Jumamosi sikunyamaza mimi. Ilinyamaza simu. Masele simtaki. Ng'ombe wake wameingia zizini?"

"Bado. Wanakuja kesho." Mzee alikohoa. "Unaniaibisha kwa watu, Selina."

"Najua, nisamehe. Lakini baba, ungenizika nikiwa hai."

Mzee alikaa kimya. Safari hii haikuwa simu.

"Nitawarudisha," alisema. "Siwezi kupokea ng'ombe wa mtu usiyemtaka. Na huyu mwalimu anayetetemeka hapa mbele yangu, akileta watu, nawe ukiulizwa kama..."

"Ndiyo! Ndiyo, baba! Ndiyo!"

Alipiga kelele mpaka muuza magazeti akageuka. Kadi ikaisha hapo hapo.

"Imefika?" aliniuliza, machozi yanamtiririka. "Odeta, imefika?"

Sikujua, na hela ya kadi nyingine hatukuwa nayo. Hakulala mpaka tuliporudi.

Uwanja wa ndege Mwanza, Luhende alisimama na mzee wake mmoja na shangazi zake wawili. Jioni ile ile walikwenda Pasiansi. Selina aliketi mkekani, kanga kichwani, kama mila inavyotaka. Baba yake akakohoa.

"Binti yangu, hawa wageni wame..."

"Ndiyo!"

"Mtoto!" Shangazi Rose alishika kinywa. "Hata haya huna? Si ungenyamaza kidogo?"

"Shangazi," alisema Selina, "nilishanyamazishwa mara moja."