Mkono wa Fundi Shangazi

Kila siku akitoka shule, Njiti alivua viatu mlangoni, akabadili sare, akanywa maji, kisha akaenda kukaa kwenye kigoda kando ya shangazi yake. Jina hilo la Njiti alipewa na wenzake kwa wembamba wake. Fundi viatu wa nyumba ya pili alidai kwamba siku za upepo mkali msichana huyo hutia mawe mifukoni ili asipeperushwe. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Tangu mama yake afariki aliishi na shangazi, wawili tu, katika nyumba ambayo chumba chake cha mbele kilikuwa karakana ya redio.

Mtaa mzima ulimwita shangazi huyo Fundi Shangazi, hata wazee waliomzidi umri. Fundi viatu aliapa kwamba alimwona kwa macho yake akiunga mguu wa mbu uliovunjika, na mbu akaruka zake bila kuchechemea, wala kushukuru.

"Mzee wewe, uongo utakuua," Fundi Shangazi alimwambia.

"Ungekuwa unaua, ningezikwa kabla sijazaliwa!"

Wakati huo Njiti alikuwa anajifunza kulehemu, yaani kuunganisha waya kwa risasi iliyoyeyushwa. Mwanzoni aliyeyusha risasi kwenye ncha ya chuma cha moto, kisha akaidondosha juu ya waya kama mtu anayepaka mkate siagi. Risasi ikakaa pale kama tonge, naye akatabasamu. Shangazi akauvuta waya kidogo tu. Ukachomoka wote, mkavu kama ulivyoingia.

"Ulipasha moto nini?"

"Risasi, shangazi."

"Basi umeyeyusha bure. Pasha waya kwanza. Ukipata moto, gusisha risasi kwenye waya wenyewe, itaukimbilia bila kutumwa. Na dirisha lifungue, moshi huo si wa kuvuta. Ukimaliza, mikono kwa sabuni kabla hujagusa chakula."

Njiti aliungua kidole. Aliunguza upindo wa sketi ya shule, akasingizia kwamba umeliwa na mende, na shangazi akauliza kama mende hao walikuwa wanavuta sigara. Lakini hakuacha. Taratibu viungo vyake vikaanza kutoka vidogo, laini, vinavyong'aa, na ukivuta waya haubanduki.

Ila mkono wa Njiti ulipokuwa unatulia, mkono wa Fundi Shangazi ulikuwa unaanza kutetemeka.

Daktari alisema ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Dawa ya kuumaliza hakuna, ila viko vidonge vya kuutuliza, mradi avimeze kila siku na kurudi hospitali kila mwezi. Shangazi alivimeza. Hata hivyo, siku moja fundi viatu alirudi na redio iliyotengenezwa juzi tu.

"Fundi, mgonjwa wako kakata kauli tena," alisema huku akicheka.

Shangazi hakucheka. Aliifungua redio, akaona matone mawili ya risasi yamemwagika yakashikana, mahali ambapo hayakupaswa kukutana kabisa. Akaiweka chini, akaenda jikoni. Njiti alisikia bomba likimwaga maji kwa muda mrefu, lakini hakusikia chombo chochote kikioshwa. Jioni shangazi aliirudia redio, akailehemu tena, akaifunga bila kuijaribu.

Njiti hakuweza kuvumilia. Kesho yake, shangazi alipokwenda kujinyoosha baada ya chakula cha mchana, aliifungua ile redio, akaondoa risasi yote iliyomwagika, akalehemu upya na kuifunga. Redio ikaimba. Shangazi alipoamka alisimama mlangoni, mkono kifuani.

"Nani kaiwasha?"

"Mimi, shangazi. Nilikuwa naijaribu tu. Kumbe uliitengeneza vizuri."

Maneno hayo yalimtoka mepesi. Tangu siku hiyo kila kazi iliyotoka mikononi mwa shangazi ilipitiwa tena kwa siri. Sifa zikarudi. Fundi viatu akasema sasa mbu wanakuja na familia zao. Shangazi alianza kuimba akifagia, na Njiti alifurahi kumsikia, ila furaha yenyewe ilikuwa kama chakula kilichoungua: unakila, lakini ladha yake unaijua.

Kisha ikafika siku ya hospitali. Njiti alimkuta shangazi kakaa mezani, hana habari.

"Shangazi, leo si siku yako ya daktari?"

"Niende kufanya nini? Kazi zangu huzioni? Mkono umepona, mwanangu. Hata vile vidonge nimeviacha, vilikuwa vinanitia kichefuchefu."

Hapo hapo seremala wa mtaani aliingia amembeba binti yake mdogo. Mtoto huyo alikuwa hasikii vizuri. Alitumia kifaa cha kusikilizia, kiboksi kinachokaa mfukoni na waya mwembamba unaopanda hadi sikioni. Waya ulikuwa umekatika ndani ya kiboksi.

"Fundi, kingine hatukipati leo wala kesho," alisema seremala. "Tangu jana hajibu akiitwa. Amekaa tu."

"Keti, baba. Utaondoka nacho."

Seremala aliketi kwenye benchi, mtoto magotini. Fundi Shangazi alifungua kiboksi. Ndani yake vipuri vilikuwa vidogo kama punje za mtama, vimebanana. Akashika chuma cha moto. Ncha yake ilianza kuchezacheza hewani, ikashuka, ikakosa waya, ikaelekea pembeni.

Njiti akamshika kiwiko.

"Shangazi, naomba twende ndani. Tafadhali."

Shangazi alishangaa, lakini aliyaona macho ya Njiti. Wakaingia chumbani.

"Mkono haujapona," Njiti alisema, na machozi yakamtangulia. "Ukilala, mimi huzifungua zile redio. Huzirudia."

"Redio zipi?"

"Zote. Tangu ile ya fundi viatu."

Shangazi aliketi kitandani. Aliutazama mkono wake wa kulia kwa muda, jinsi unavyotikisika juu ya paja, kana kwamba ni wa mtu mwingine aliyekuja kukaa hapo bila kubisha hodi.

"Sikutaka ulie," Njiti alinong'ona.

"Nilikuwa na haki ya kulia, Njiti. Ulininyima hata hilo."

Basi akalia. Njiti hakujua la kufanya, akakaa karibu naye, bega kwa bega, mpaka shangazi alipojifuta uso kwa khanga na kusimama.

Alirudi karakana na kumwambia seremala bila kuzunguka. "Mkono wangu hauiwezi kazi hii, na hautaiweza tena. Huyu anaiweza. Mimi nitakaa hapa kumwongoza. Ukiona huwezi kumwamini mtoto, chukua kifaa chako, hatutakulaumu."

Seremala alimtazama Njiti, akautazama na mkono wa shangazi yake. "Jaribuni," alisema.

"Vuta pumzi," Fundi Shangazi alisema taratibu. "Egemeza kiwiko mezani. Gusa waya. Ngoja. Ngoja kidogo. Sasa risasi. Toa."

Kiungo kilitoka kidogo kama kichwa cha sisimizi. Seremala akamvisha mwanawe kifaa, akaita jina lake kwa sauti ya kubembeleza, akaliita tena kwa sauti kubwa.

"Baba, mbona unanipigia kelele?" mtoto akauliza.

Hata shangazi alicheka, na macho yake bado mekundu.

Waliondoka kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Daktari alifoka, kisha akaeleza kwa upole kwamba vidonge vitaanzwa upya, ila kilichopotea wakati dawa zimeachwa huenda kisirudi chote. Njiti alisikia kila neno. Njiani alitembea nyuma, kichwa chini.

"Njoo tuende sambamba," shangazi alimwita. "Ulifanya kwa huruma, najua. Mimi nami nilikosea kuacha dawa bila kumuuliza aliyenipa. Lakini sikia, mwanangu. Ukimficha mtu hali yake, unamwacha peke yake na maradhi, na hata hajui kuwa yuko peke yake. Unayempenda mwambie kweli, kisha kaa naye wakati inamuuma."

"Ndiyo, shangazi."

"Na kuanzia kesho, kigoda chako ni changu. Wewe utakalia kiti changu."

Asubuhi, Njiti alipokuwa anajiandaa kwenda shule, alisikia akiitwa kutoka chumbani.

"Njiti! Njoo unifungie vifungo. Leo vimenishinda."

Shangazi hakuwahi kamwe kumwomba jambo kama hilo. Njiti alipiga magoti mbele yake, akavifunga kimoja kimoja kuanzia chini, na hakuna hata mmoja wao aliyesema kwamba mkono utapona.