Mize na Ngazi Zenye Meno

Mpo? Na masikio mmekuja nayo? Basi, na Mize naye alikuwapo.

Alikuwa mtoto mdogo. Ukipanga ndoo mbili, moja juu ya nyingine, hicho ndicho kimo chake.

Alikaa Mwananyamala, mjini Dar es Salaam. Alikaa na mama yake, na bibi yake, na kaka yake Shomari.

Siku hiyo ilikuwa Idi Pili. Idi Mosi watu hula. Idi Pili watu hutembea.

Mama akasema leo wanatoka wote, na hawalipi kitu. Watakwenda kwa miguu, maana miguu haidai nauli. Watakwenda kuangalia, maana macho hayakatiwi tiketi.

Wanakwenda wapi? Kwenye jumba kubwa la maduka.

Kununua nini? Hawanunui. Wanakwenda kupanda ngazi.

Msicheke. Hizo si ngazi za kupanda na kuhema. Ni ngazi za umeme. Wewe unasimama tu, zenyewe zinakupandisha. Watoto wa mtaa wa kina Mize wanazingoja mpaka Idi.

Shomari alishazipanda. Njia nzima alikuwa akizisimulia. Alisema ngazi zile zina meno ya chuma. Alisema zinakula kamba za viatu. Tena Idi iliyopita zilimla mtoto mmoja kidole, na mtoto mwenyewe alikuwa mbishi kama Mize.

Mama akamwambia aache uongo. Shomari akaacha.

Lakini neno likishatoka halirudi mdomoni. Lilikuwa limeshaingia sikioni mwa Mize, likajikunja humo, likakaa.

Mize akatazama viatu vyake vya Idi. Kamba havina. Lakini ndani mna vidole.

Mize akashika khanga ya Bibi. Akaishika kwa nguvu.

Bibi naye hakuwahi kuziona ngazi hizo. Alikuwa amevaa khanga mpya inayonukia udi, na ndala zake za kijani. Akamtania Mize kama bibi anavyomtania mjukuu.

"Twende, mke mwenzangu," akasema. "Zikitula, zitule wote."

Mize hakucheka.

Wakatembea, wakatembea. Jua likawapiga kisogoni. Mara, jumba hilo hapo.

Mlango wa kioo ukafunguka wenyewe. Shwaaa.

Ndani mlikuwa na baridi. Watu walijaa, na nguo zao za Idi, na harufu za marashi, kila mtu na yake. Sakafu iling'aa mpaka Mize akajiona chini, miguu imegusana na miguu.

Kisha akasikia.

Ngururu, ngururu, ngururu.

Ngazi hizo hapo. Kipandio kinatoka sakafuni kama ulimi. Kinainuka. Kinapanda. Kinafuata kingine, na kingine. Na kule juu kabisa, vinaingia sakafuni, kimoja kimoja, havionekani tena.

Ngururu, ngururu, ngururu.
Zinatoka chini, zinaingia juu.
Zinaingia wapi?

Mize akatazama vizuri. Pale zinapoanzia, aliyaona. Meno. Meno ya chuma, mstari mzima.

Kumbe Shomari hakusema uongo.

Mize akashika khanga ya Bibi. Akaishika kwa nguvu zaidi.

Nyuma yao watu walikuwa wengi, wanasogea, wanasukumana. Shomari alikuwa akimvuta Mama mkono, twende, twende. Mama akageuka akamwambia Bibi amshike Mize, waje nyuma yao.

Mama akainua mguu. Hop.

Shomari akainua mguu. Hop.

Wakaenda. Hawatembei, lakini wanakwenda. Mama akawa mdogo. Akawa mdogo zaidi. Akageuka akapunga mkono, njooni.

Mize akainua mguu. Kipandio kikamkimbia.

Kikaja kingine. Nacho kikamkimbia.

Mize akarudisha mguu chini.

"Mama, ngoja," akasema.

Lakini sauti yake ilikuwa ndogo. Na ngururu ilikuwa kubwa.

Mama akafika juu. Mize akamtazama bila kupepesa macho.

Kwanza ikapotea miguu yake.

Kisha likapotea gauni lake.

Kisha ukapotea ushungi wake wa zambarau.

Mama hayupo.

Tumbo la Mize likawa la baridi, kama amemeza barafu. 

"Bibi," akasema, "zimemla Mama. Zimeanza na miguu."

Bibi akasema hakuna kitu kama hicho. Lakini aliitazama ile miguu ya watu inavyopotea kule juu, naye akameza mate.

Haya. Mama yuko juu, wao wako chini. Lazima wafuate.

Sasa sikilizeni alichofanya Bibi.

Bibi alilelewa kwenye nyumba za kutandikwa mikeka sakafuni. Mahali safi hapakanyagwi na viatu. Ukifika, unavua, unaviweka pembeni, unapiga hodi, ndiyo unaingia. Na ngazi zile ziling'aa kama sinia la arusi.

Bibi akainama. Akavua ndala ya kulia. Akavua ndala ya kushoto. Akazipanga vizuri, sawasawa, kama mtu anazipanga mlangoni.

Akazipanga juu ya kipandio cha kwanza.

Ndala zikaondoka.

Zikaenda zenyewe. Ndala mbili za kijani, bega kwa bega, hazina mtu. Zikapanda, zikapanda, kama zimevaliwa na mtu asiyeonekana.

Watu wakacheka. Bibi akabaki mdomo wazi.

Mize hakucheka. Mize alizitazama ndala mpaka mwisho. Zikafika juu. Zikazama.

Ndala hazipo.

Mama kaenda. Shomari kaenda. Sasa hata ndala za Bibi.

Ngururu, ngururu, ngururu.
Zinatoka chini, zinaingia juu.
Zinaingia wapi?

Hapo Mize akalia. Alilia kimyakimya, machozi yakiingia mdomoni, yana chumvi.

Akaja dada mmoja mlinzi, mwenye sare ya bluu. Akamwamkia Bibi shikamoo. Kisha akamwambia kwa upole kwamba hapa viatu havivuliwi, mtu anapanda navyo.

"Marahaba, mwanangu," Bibi akasema. "Na mwenye nyumba hatakasirika? Mimi nimetoka na vumbi la Mwananyamala yote."

Dada akaziba mdomo kwa kiganja, asicheke. Akachuchumaa mbele ya Mize. Akamweleza kwamba ngazi hazili watu. Vipandio vikifika juu vinapita chini ya sakafu, vinazunguka, vinarudi. Ni kuzunguka tu, siku nzima.

Mize alimsikiliza. Kisha akauliza.

"Mama yangu mbona hajazunguka?"

Dada akamwambia asubiri, huyo mama atakuja sasa hivi.

Wakasubiri.

Akaja baba na mtoto begani. Si Mama.

Wakaja wasichana watatu, wananukia asumini. Si Mama.

Likaja puto jekundu, na chini yake mtoto. Si Mama.

Mize akashika khanga ya Bibi. Akaishika mpaka vidole vikauma. Mkono wa Bibi nao ulikuwa wa baridi. Mize akauhisi, akaogopa zaidi. Maana ukiona mkubwa ameogopa, wewe mdogo utasimama wapi?

Basi Mize hakuwa amegundua jambo moja. Pembeni palikuwa na ngazi nyingine. Hizo hazikuwa zikipanda. Zilikuwa zikishuka.

Ngururu, ngururu, ngururu.

Kule juu pakatokea kitu cha zambarau.

Ushungi.

Kisha likatokea gauni.

Kisha ikatokea miguu. Yote miwili. Na viatu vyake.

Ni Mama. Ngazi zinashuka, naye anazishuka, anaona zinachelewa. Mkono mmoja amemshika Shomari. Mkono mwingine amebeba ndala za kijani.

Mize akamkimbilia. Akaingia gaunini mwa Mama, akajificha humo. Mama akamkumbatia, akamkagua kichwa, akamkagua mikono, kama mtu anayehesabu vifaranga.

Lakini aliyekuwa akilia kuliko wote alikuwa Shomari. Kamasi zimeshuka mpaka kidevuni.

"Wewe mume wangu wewe," Bibi akamwambia, "unamlilia nani?"

"Nakulilia wewe," Shomari akasema. "Ndala zimekuja, wewe hukuja. Nilijua umeliwa, zimebaki ndala."

Bibi akacheka mpaka akashika kiuno. Dada mlinzi naye safari hii hakuziba mdomo.

Shomari akafuta kamasi kwa mkono wa kanzu. Akasema polepole kwamba yule mtoto wa Idi iliyopita hayupo. Kidole hakikuliwa. Alimtunga tu njiani. Lakini zilipokuja ndala zile, aliuogopa uongo wake mwenyewe.

Mama akasema basi, ngazi za leo zimetosha. Kama Mize hataki, warudi nyumbani wakale maandazi yaliyobaki. Hakuna atakayemlazimisha.

Mize akazitazama ngazi.

Bado zilikuwa na meno. Bado zilinguruma. Hofu ya Mize haikuwa imekwenda popote. Ilikuwa pale pale tumboni, baridi vile vile.

Lakini Mama alikuwa hapa.

"Mama," Mize akasema, "usitangulie."

Mama akapiga magoti kwenye sakafu inayong'aa, na gauni lake la Idi.

"Sitangulii," akasema. "Tunainua mguu pamoja."

Dada mlinzi akawafundisha, akawaonyesha na ule mpira wa kushikia ubavuni mwa ngazi. Wote wakarudia, na Bibi naye, sasa amevaa ndala zake.

Simama kati.
Shika mpira.
Tazama mbele.

Mama upande huu. Mize upande huu. Mkono ndani ya mkono.

Kipandio kikatoka. Mize akakiacha. Kikatoka kingine. Akakiacha nacho. Watu nyuma wakangoja, na Mama naye akangoja.

Kikatoka kingine.

"Sasa," akasema Mize.

Hop.

Loo, tumbo lilishuka, Mize akapanda. Sakafu ikawa mbali. Watu wakawa vichwa tu. 

Ngururu, ngururu, ngururu.

Simama kati. Shika mpira. Tazama mbele.

Akatazama mbele. Mwisho ule, unakuja. Vipandio vinalala, vinaingia, vinaingia. Na meno, yale meno, yanasogea, yanasogea. Mize alitaka kufumba macho. Hakuyafumba. Akayatazama mpaka yakawa karibu kabisa.

Yalikuwa madogo. Kama meno ya kitana.

"Inua," Mama akasema.

Wakainua pamoja. Hop.

Wamevuka.

Mize akainama papo hapo, akaminya viatu vyake kwa juu. Kidole gumba, kipo. Kidole cha mwisho, kipo. Na vile vya katikati, vyote viko kwao.

Nyuma yao akaja Bibi na Shomari. Bibi amefumba jicho moja, amebakisha moja la kuangalia njia. Wakainua mguu, hop, wakavuka. Bibi akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Magoti yake hayakuuma hata kidogo. Akasema ngazi kama hizi wangeziweka na mtaani kwao, pale pa kuteremkia bondeni.

Kisha Bibi akatazama kushoto, akatazama kulia, akauliza kama mtu akirudia tena anagombezwa.

Hagombezwi.

Basi wakashuka, wakapanda. Wakashuka, wakapanda. Kila mara Mize alikiacha kipandio cha kwanza, akakiacha cha pili, ndiyo akasema sasa. Na kila mara Mama alimngoja.

Jioni wakarudi kwa miguu, polepole, Shomari akiburuza visigino.

Nyumbani wakaoga, wakala maandazi. Mama akamlaza Mize, akateremsha chandarua. Mize akafumba macho. Kitanda kikawa kama kinapanda, ngururu, kidogo kidogo. Akayafumbua.

"Mama," akaita. "Kule juu, uliogopa?"

Mama alikuwa akikunja nguo za Idi. Akaacha.

"Niliogopa sana," akasema. "Niligeuka nyuma, nikawa sikuoni."

Mize akafikiri. Hakujua kama na Mama huogopa hivyo.

Kisha akajisogeza. Akasogea mpaka mgongo ukagusa ukuta. Akapiga piga godoro kwa kiganja, pale palipobaki wazi.

"Lala hapa, Mama," akasema. "Hapa unaniona."

Mama akainua chandarua, akaingia. Akalala upande, uso kwa uso na mwanawe, akimtazama, mpaka usingizi ukawachukua wote wawili pamoja. Hakuna aliyetangulia.